Waliookoa Mashine za Chapa

Mwanzoni mwa mwaka 2025, huko New York, mke na mume walikuwa wakipanga vitu vya babu vilivyohifadhiwa katika chumba cha chini ya nyumba, wakakuta mashine nzito ya chuma yenye vitufe vya Kichina. Hawakuijua. Walipiga picha, wakaiweka mtandaoni na kuuliza kama kitu hicho kilikuwa na thamani yoyote. Majibu yalimiminika kutoka kila upande wa dunia. Wengine walitaka kuinunua papo hapo, wengine waliwasihi wasiiuze wala wasiiguse mpaka ionwe na mtaalamu.

Ilikuwa Mingkwai, taipureta ambayo iliundwa moja tu. Mwandishi Lin Yutang aliizindua mwaka 1947 baada ya kutumia akiba yake yote na kuingia katika madeni. Kwa vitufe 72 mtu aliweza kuchapa maelfu ya alama za Kichina. Alibonyeza vitufe viwili, alama zinazokaribiana zikajitokeza katika kidirisha kidogo, kisha akachagua aitakayo kwa kitufe cha namba. Siku ya kuionyesha kwa wakuu wa kampuni ya Remington, binti yake Lin Taiyi alikaa kuchapa na mashine ikagoma. Haikuingia kiwandani. Haki zake zilinunuliwa na kampuni ya Mergenthaler Linotype, mashine yenyewe ikatoweka, na kwa miongo mingi watafiti waliamini kwamba ilikuwa imetupwa. Kumbe fundi mmoja wa kampuni hiyo aliichukua akaenda nayo nyumbani. Huyo ndiye aliyekuwa babu wa yule mwanamke. Mwaka huohuo wa 2025 Chuo Kikuu cha Stanford kiliinunua, na sasa wasomi wanaichunguza kitufe kwa kitufe.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kinaeleza jinsi historia ya taipureta ilivyotufikia. Waliozitengeneza hawakuzihifadhi, na ofisi zilizozitumia hazikuzihifadhi. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu mashine hizi tunakijua kwa sababu kulikuwa na watu binafsi waliokataa kuona chuma kizee kikienda kuyeyushwa.

Mashine za mwanzo kabisa hazikubahatika kupata watu wa namna hiyo. Mwaka 1714 Mwingereza Henry Mill alipewa hati ya malkia kwa ajili ya mashine ya kuandikia herufi mojamoja, lakini hakuna mchoro wake wala kipande chake kilichobaki. Kama miaka mia moja baadaye, Mwitaliano Pellegrino Turri alimtengenezea rafiki yake, Carolina Fantoni, mashine ya kumwezesha kuandika barua mwenyewe, kwa kuwa bibi huyo alikuwa amepofuka. Mashine ilipotea. Zilizobaki ni barua alizoandika bibi huyo kwa mashine ile, na hizo ndizo ushahidi pekee kwamba kifaa hicho kiliwahi kuwapo.

Peter Mitterhofer, seremala wa kijiji cha Parcines katika milima ya Tirol, alikuwa na bahati kidogo zaidi. Kati ya mwaka 1864 na 1869 aliunda mashine tano, za kwanza karibu zote za mbao. Mwaka 1866 alitembea kwa miguu hadi Vienna kumwomba Kaisari Franz Joseph msaada. Alipewa gulden 200, akarudi kijijini kuendelea na kazi, akasafiri tena na mashine iliyo bora zaidi. Hakuna aliyeona kwamba fundi huyo alikuwa ameshika jambo litakalobadilisha ofisi za dunia. Alikufa mwaka 1893 bila mali wala sifa. Baadhi ya mashine zake zingalipo Vienna na Dresden, na kijijini kwao sasa kuna makumbusho makubwa ya taipureta yaliyoanzishwa kutokana na mkusanyiko wa mtu mmoja, Kurt Ryba, aliyezipenda mashine hizi na kuzitafuta kwa muda mrefu.

Lakini mji ambao mtu wa fani hii hawezi kuuruka ni Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Huko aliishi Christopher Latham Sholes, mhariri wa magazeti aliyewahi pia kuwa seneta wa jimbo. Alikuwa mpole, mwenye mwili dhaifu na ubunifu mwingi. Katika karakana ya Kleinsteuber, yeye na Samuel Soule walikuwa wakitengeneza mashine ya kupigia namba kurasa za vitabu. Mwanasheria Carlos Glidden, aliyekuwa akihangaika na jembe lake la mashine katika karakana hiyohiyo, akawauliza kwa nini kifaa kinachoweza kupiga namba kisipige herufi. Huo ulikuwa mwaka 1867. Sholes alichukua kitufe cha telegrafu, akakifunga kipande cha chuma chenye herufi moja tu, W, na kukigonga chini ya kioo chenye karatasi ya kaboni na karatasi nyeupe. Herufi ikatoka. Tarehe 23 Juni 1868 watatu hao walipata hataza.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya miaka mitano ya kuvunja na kuunda upya. Walikuwa wamemwandikia barua kwa mashine hiyo James Densmore, mtu wa magazeti aliyeingia katika biashara ya mafuta, naye akalipa dola 600 kwa robo ya hisa kabla hata ya kuiona mashine. Alipoiona alisema wazi kwamba haifai. Badala ya kujitoa, akawa msimamizi mkali. Kila mfano mpya ulipelekwa kwa watu wa kazi waujaribu, na aliyewatesa zaidi alikuwa James Clephane, mwandishi wa hatimkato wa Washington. Clephane alizichapa mashine hizo mpaka zikavunjika, kisha akarudisha vipande pamoja na barua ndefu ya lawama. Sholes alikasirika, Densmore alishukuru, na nadhani Densmore alikuwa sahihi. Bila ukali wa Clephane mashine hiyo ingekufa kama zilivyokufa nyingine nyingi kabla yake.

Mpangilio wa herufi nao ulizaliwa katika miaka hiyo. Ulianza karibu na mfuatano wa alfabeti, ukabadilishwa mara kwa mara mpaka ukafika Q, W, E, R, T, Y tunaouona hadi leo kwenye simu zetu. Wengi wanasema sababu ilikuwa kuzuia vijiti vya herufi visigongane. Watafiti wa Japani wamedai kwamba mahitaji ya wapokeaji wa telegrafu yalichangia zaidi. Ubishi huo haujaisha, na wakusanyaji hawachoki nao.

Mwezi Machi 1873 Densmore alifunga mkataba na kampuni ya E. Remington and Sons ya Ilion, New York, watengenezaji wa bunduki waliokuwa wakitafuta kazi mpya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha. Walikuwa pia na idara ya cherehani, na mashine ya kwanza ilifanana na ndugu zake wa idara hiyo. Ilikaa juu ya meza ya cherehani, ilichorwa maua, na ilikuwa na kanyagio la mguu la kurudisha karatasi mwanzo wa mstari. Iliingia sokoni mwaka 1874 kwa bei ya dola 125, fedha nyingi sana kwa wakati huo. Iliandika herufi kubwa tu. Mark Twain alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa awali, na mswada wa kitabu chake cha Life on the Mississippi ulifika kwa mchapishaji ukiwa umepigwa taipu. Hata hivyo katika miaka minne ziliuzwa mashine kama 5,000 tu. Leo hizo chache zilizosalia, hasa zenye maua na kanyagio, ndizo wanazoziota wakusanyaji wote.

Mwaka 1878 ilitoka Remington namba 2, yenye kitufe cha kuhamisha herufi ndogo kwenda kubwa, na hapo biashara ikapamba moto. Mwaka 1881 chama cha wanawake vijana wa Kikristo, YWCA, cha New York kilifungua darasa la kuwafundisha wanawake kupiga chapa, jambo ambalo baadhi ya watu walilipinga wakidai wanawake hawana nguvu za kazi hiyo. Katika miaka michache walijaa maofisini. Sholes, aliyekwisha kuuza haki zake na hakupata utajiri, alikufa Februari 1890 akiwa na faraja kwamba mashine yake imewapa wanawake njia ya kujipatia riziki.

Mashine hizo zote zilikuwa na kasoro moja kubwa. Vijiti vya herufi viligonga karatasi kwa chini, na mchapaji hakuona alichoandika mpaka mistari kadhaa baadaye. Fundi Mjerumani Franz Wagner, aliyehamia Marekani, alibuni mashine iliyogonga kwa mbele, mbele ya macho ya mchapaji, na John T. Underwood akaununua ubunifu huo. Underwood namba 5, iliyotoka mwaka 1900, ilitengenezwa kwa miongo mitatu na kuuzwa kwa mamilioni, ikawa sura ambayo taipureta zote za ofisini ziliiga. Kwa sababu hiyo namba 5 haina bei kubwa mnadani, kwa kuwa zipo nyingi mno. Wanaoanza kukusanya hulisahau jambo hili, wakidhani umri ndio unaofanya mashine kuwa ghali. Kinachopandisha bei ni uchache, hali ya mashine, na ugeni wa muundo wake.

Na kwa ugeni wa muundo, kipindi cha kati ya 1880 na 1915 hakina mpinzani. Kila fundi alikuwa na njia yake. Mashine ya Hammond ilikuwa na bamba la herufi lililopinda kama sehemu ya duara, na nyundo iliyopiga karatasi kutoka nyuma. Blickensderfer ya mji wa Stamford, Connecticut, iliyozinduliwa mwaka 1893, haikuwa na vijiti kabisa: herufi zote zilikaa kwenye gurudumu dogo ambalo mtu angeweza kulitoa na kuweka lingine, na mstari wa chini wa vitufe ulikuwa na herufi D, H, I, A, T, E, N, S, O, R, zinazotumika zaidi katika Kiingereza. Huko Copenhagen, Mchungaji Rasmus Malling-Hansen, mkuu wa shule ya viziwi, alikuwa mapema zaidi ameunda mpira wa shaba uliochomekwa vitufe pande zote. Mwanafalsafa Nietzsche, macho yake yalipodhoofika, aliletewa mmoja mwaka 1882. Mpira wake sasa uko Weimar.

Kampuni kubwa hazikuwa na haja na mambo hayo ya zamani. Mteja alipoleta mashine yake kuukuu alipunguziwa bei ya mpya, na kuukuu ikaondolewa sokoni. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Kuanzia 1942 viwanda vya taipureta vya Marekani vilipewa kazi ya silaha: Underwood ikatengeneza karabini, Smith-Corona bunduki, Remington Rand bastola. Serikali ikawaomba wananchi waiuzie taipureta zao, kwa kuwa jeshi halikuweza kwenda bila karatasi zilizochapwa. Chuma kilikuwa lulu, na mashine nyingi za karne ya 19 ziliishia kwenye tanuri.

Katika mazingira kama hayo kazi ya Carl P. Dietz ina uzito wa pekee. Alikuwa mwanasiasa wa Milwaukee, mji uleule wa Sholes, na katika miaka ya 1930 alianza kukusanya taipureta kwa ajili ya makumbusho ya umma ya mji huo. Hakuchagua nzuri peke yake. Alitafuta pia zilizoshindwa sokoni, za kampuni zilizofilisika baada ya kutengeneza mashine chache, zenye mpangilio wa herufi ambao hakuna aliyeupenda. Mpaka alipofariki mwaka 1957 alikuwa amekusanya mamia, na mkusanyiko wake ungali miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Mtu akitaka kujua mawazo yaliyojaribiwa na kuachwa, ni Dietz na wachache wa aina yake wanaomwezesha.

Baada yake wakusanyaji wakaanza kujuana. Mwaka 1987 lilianza jarida la ETCetera la wakusanyaji wa taipureta za awali, na humo wasio na shahada yoyote ya historia walichimba kumbukumbu za hataza, matangazo ya magazeti ya kale na makaburi ya mafundi waliosahauliwa. Walilinganisha namba zilizogongwa kwenye mashine na kutengeneza orodha za kujulia mwaka ambao kila moja ilitoka kiwandani. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa, na haikulipwa na yeyote. Mwanafalsafa Richard Polt wa Chuo Kikuu cha Xavier, Cincinnati, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa jarida hilo, alitoa mwaka 2015 kitabu The Typewriter Revolution, akiwahimiza watu wasiziweke tu kwenye rafu bali wazitumie. Huko Philadelphia, mwaka 2010, wapenzi wa mashine hizi walikutana mezani, kila mmoja na yake, wakachapa barua na kuzituma kwa posta. Mikutano ya namna hiyo imeenea nchi nyingi.

Wakati huo viwanda vilikuwa vinafungwa. Godrej & Boyce ya Mumbai, iliyotoa taipureta ya kwanza ya India mwaka 1955, ilisimamisha utengenezaji mwaka 2009. Novemba 2012 kiwanda cha Brother huko Wrexham, Wales, kilitoa ya mwisho kutengenezwa Uingereza na kuikabidhi kwa makumbusho ya sayansi ya London. Hata hivyo, mwaka 2009 taipureta ya Olivetti Lettera 32 ya mwandishi Cormac McCarthy iliuzwa mnadani Christie's kwa dola 254,500, zikaenda kwa taasisi ya utafiti ya Santa Fe. Alikuwa ameinunua kwa dola 50, na alikadiria kwamba amechapa nayo maneno milioni tano. Rafiki yake alimtafutia nyingine ya aina ileile kwa chini ya dola 20, naye akaendelea kuandika. Mwigizaji Tom Hanks, aliyekusanya mamia, amekuwa akizigawa, akizituma kwa mafundi na maduka ya taipureta pamoja na barua aliyoipiga kwa mashine hiyohiyo.

Wakusanyaji wana adui wao: wanaong'oa vitufe vya mviringo kutengenezea vikuku na hereni. Mashine iliyong'olewa vitufe haifai tena, na mimi naungana nao kabisa katika hasira yao. Miaka 90 ya uhai inamalizwa kwa koleo ndani ya nusu saa.

Kwetu Afrika Mashariki mashine hizi zimeacha alama nyingi, na mwenye jicho anazisoma. Tazama mstari wa kwanza wa vitufe vya herufi. Ukianza na A, Z, E, R, T, Y, mashine imepita katika mikono ya Wabelgiji au Wafaransa, kama za ofisi za Kongo, Rwanda na Burundi. Ukiwa Q, W, E, R, T, Z, ni ya Kijerumani. Ukiona alama ya pauni na vitufe vya nusu na robo, kama kwenye Imperial ya Leicester, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Mwingereza na mahesabu yake ya shilingi na peni. Kiswahili kiliweza kuingia katika zote bila kuongezewa hata kitufe kimoja, kwa kuwa hakina vibandiko juu ya herufi, na ng' ilijitosheleza kwa alama iliyokuwapo tayari. Chunguza pia mwaka katika nakala za kaboni zilizomo kwenye mafaili ya Kumbukumbu za Taifa Dar es Salaam au Zanzibar: mara nyingi tarakimu 1 si tarakimu, ni herufi l ndogo, kwa sababu mashine nyingi hazikuwa na kitufe cha 1. Mchapaji hodari hakuhitaji kukumbushwa.

Na tulikuwa na wachapaji hodari. Chuo cha Uhazili Tabora kilifundisha vizazi vya wahazili kupiga chapa bila kutazama vitufe, na hatimkato pamoja nayo, wakapimwa kwa idadi ya maneno kwa dakika. Wao ndio walioandika barua za wizara, kumbukumbu za vikao na hukumu za mahakama. Mitihani ya shule ilikatwa kwenye stensili kwa taipureta iliyotolewa utepe, kisha ikazungushwa kwa saiklostaili. Pembeni ya posta na mahakama walikaa wapiga chapa wa mtaani, mashine juu ya kimeza, wakiandikia watu maombi ya kazi na malalamiko ya viwanja. Kizazi hicho kinastaafu na kuondoka, huku mashine zake zikiwa katika stoo za ofisi na shule zikisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu aje na mizani.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kama kazini kwako, shuleni, kanisani au nyumbani kwa wazee kuna taipureta, usikubali iuzwe kwa kilo. Itafute namba yake, mara nyingi imegongwa ubavuni au chini ya sehemu inayotembea na karatasi, uiandike daftarini pamoja na jina la kampuni. Ipanguse vumbi kwa brashi kavu, safisha herufi kwa spiriti kidogo, na usimimine mafuta kwenye vijiti vya herufi kwa sababu yatashika uchafu na kuvigandisha. Tia utepe mpya, chapa ukurasa mmoja, uuweke ndani ya kasha lake. Kisha mtafute aliyeitumia, umuulize ilinunuliwa lini, ilichapa nini, na nani aliikalia kabla yake, uyaandike majibu. Wengi wa wahazili hao wangali hai, na hawajawahi kuulizwa.